Mwaka Mzima Njiani na Watoto: Laini Yako Iko kwa Jina la Nani?

Simama pale njia panda ya Gede, barabara ya Watamu inapochepuka kutoka ile ya Mombasa kwenda Malindi, na hutakaa sana kabla hujaona familia ya wageni ikishuka kwenye tuktuk. Baba kabeba mtoto mgongoni, mama kamshika mwingine mkono, wote wamekuwa wekundu kwa jua. Ukiwauliza wanakotoka watakutajia nchi sita. Kazi wameziacha kwa mwaka mmoja, nyumba wamepangisha, na yule mtoto wa miaka minne ameshaona miji mingi kuliko dereva aliyewaleta.

Mteja wetu mmoja amewapokea watu kama hao kwa miaka tisa. Kazi yake ni kuongoza wageni kwenye magofu ya Gede na katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Siku moja binti mdogo wa Kiitaliano alimwuliza kama na yeye ana mtoto, na huyo mtoto amefika wapi. Hakuwa na jibu. Binti yake alikuwa na umri uleule, nyumba yao iko mwendo wa dakika kumi kutoka magofuni, na mtoto alikuwa hajavuka hata daraja la Kilifi.

Jioni akamweleza mkewe, ambaye ana kibanda cha kuuza leso na vitambaa. Mkewe hakucheka. Aliuliza tu, "Itakuwa pesa ngapi?"

Wameturuhusu tuisimulie safari yao, ila majina tuyaache. Basi tutawaita Baba na Mama, kama watoto wao wanavyowaita. Tunasimulia kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunadhani safari ya namna hii ni mambo ya Wazungu. Pili, usiku mmoja mjini Pangani, Tanzania, Mama alitupigia simu akiwa na mtoto mwenye homa kali na Sh38,000 kwenye akaunti, nasi tukamkatalia pesa zake.

Dunia kwa kipimo cha mfuko

Hawakwenda Paris. Walichora njia inayopitika kwa basi, meli na treni: Mombasa, Lunga Lunga, Tanga, Pangani, Dar es Salaam, Unguja, kisha bara kupitia Dodoma hadi Mwanza na Bukoba, wavuke Mutukula waingie Uganda, wakae Kampala, halafu warudi nyumbani kupitia Busia, Kisumu na Nairobi. Kila mahali walipanga kukaa mwezi mmoja, pengine miwili, katika chumba cha kupangisha kama mkaazi yeyote, Mama akipika mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hasafiri kama begi. Anahitaji kujua choo kiko wapi na uji unatoka wapi. Tena kodi ya chumba kwa mwezi mara nyingi huwa chini ya gharama ya wiki mbili za gesti.

Mwaka wenyewe waliuchagua kwa hesabu ya shule. Binti alikuwa amemaliza PP1, na Gredi ya 1 ilikuwa mwaka mzima mbele. Kwa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anasoma, kwa hiyo hili si jambo la kuondoka nalo kimyakimya. Walimwendea mwalimu mkuu, wakamweleza, wakaondoka na vitabu na mpango wa masomo ya njiani. Tunakushauri ufanye vivyo hivyo, na ufanye mapema.

Hati za safari tutazipitia haraka. Mtu mzima wa Kenya anaweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho, lakini mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo ombea kila mtoto pasipoti yake. Maombi yanafanywa kwenye eCitizen na malipo ni kwa simu, kwa hiyo weka risiti. Utahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ridhaa ya wazazi. Kama mzazi mmoja atasafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, usije ukachomwa leo ukafika mpakani kesho. Ukishachanjwa hurudii: tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Na mkigongewa pasipoti mpakani, someni siku mlizopewa hapohapo, zote nne, kwa kuwa afisa anaweza kuwapa siku tofauti na zile mlizozihesabu.

Basi tuje kwenye pesa.

Walikuwa wameweka akiba kwa miaka minne, jumla Sh560,000, nyingi zikiwa kwenye Sacco. Nyumba yao waliipangisha kwa mwalimu mmoja kwa Sh9,000 kwa mwezi, wakaagiza kodi hiyo itumwe kwa mama yake Baba, nyanya ya watoto, "ikae tu huko, lolote likitokea." Wazo la kwanza la Baba lilikuwa aweke akiba yote kwenye simu, apate amani. Asingeweza hata kama angetaka. Kwa Kenya, kiwango cha juu cha salio kwenye akaunti ya simu ni Sh500,000, na muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Nasi, ambao biashara yetu ni pesa za kwenye simu, tunakwambia wazi: usitembee na akiba ya mwaka mzima ndani ya kitu ambacho mtoto anaweza kukitumbukiza kwenye ndoo.

Cha kuchekesha ni kwamba Baba analijua somo hilo kuliko sisi, maana huwaeleza wageni kila siku. Wachimbaji wa mambo ya kale, tangu James Kirkman alipoanza kazi pale mwaka 1948, walizipa nyumba za Gede majina ya vitu walivyovikuta ndani. Kuna Nyumba ya Kauri, zile za baharini, si vyombo. Kuna Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kuna Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mji ule ulianza karne ya 12, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na Julai 2024 UNESCO iliuandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wake walifanya biashara na nchi ambazo wengi wao hawakuziona, kwa majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, hivi kwamba safari ya kwenda na kurudi ilimaliza karibu mwaka. Na mali hawakuiweka kwa umbo moja. Mara kauri, mara sarafu, mara ushanga, mara vyombo vya porcelaini kutoka China.

Baba mwenyewe alipanda gari na Sh112,000 kwenye laini moja.

Usiku wa Pangani

Wiki sita za mwanzo hazikuwa na neno. Feri ya Likoni iliwafurahisha watoto kuliko kitu kingine chochote hadi walipopanda meli ya Unguja miezi baadaye. Tanga walijifunza Kiswahili cha pesa cha upande wa pili: ajenti anaitwa wakala, kredi ni vocha, na ukitaka kulipia dukani unaulizia Lipa Namba. Mama alinunua laini ya Tanzania, akaisajili kwa pasipoti na alama za vidole, akaiweka kwenye tundu la pili la simu yake, pamoja na laini yake ya Kenya.

Walipofika Pangani, ule mji mkongwe mdomoni mwa mto, siku ya Ijumaa Baba alikuwa akimpakia mtoto kwenye mashua na simu ikamponyoka mfukoni. Ilizama na laini ndani yake. Alitupigia palepale kwa simu ya Mama. Tulimwuliza maswali ya kawaida, akayajibu yote, tukaifungia akaunti yake ndani ya dakika chache. Sh112,000 zilikuwa salama. Lakini hakuweza kuzigusa, maana laini mpya ya namba ileile hutolewa kwa mwenyewe akiwa na kitambulisho chake mbele ya mhudumu, na duka la karibu lilikuwa Kenya. Akapanga kurudi Jumatatu, avuke Lunga Lunga, afike Ukunda, achukue laini, arudi. Hakukuwa na haraka. Kwenye laini ya Kenya ya Mama kulikuwa na Sh38,000.

Jumapili jioni mdogo, yule wa miaka miwili, alikuwa akitazama katuni kwenye simu ya Mama. Vidole vya watoto mnavijua. Alitoka kwenye katuni, akaingia kwenye programu ya pesa, ikamwomba PIN, naye akaipa tarakimu anazozipenda. Mara tatu. Akaunti ikajifunga.

Saa nne usiku mtoto huyohuyo akaanza kuwaka moto. Mama alipapasa pesa taslimu akakuta zimebaki chache mno, na kwenye laini ya Tanzania kulikuwa na shilingi 4,000 za huko. Hapo ndipo alipofungua programu na kukuta imefungwa.

Alipiga namba yetu fupi. Haikwenda. Namba fupi za huduma kwa wateja hufanya kazi ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani, na nje ya nchi unahitaji ile ndefu inayoanza na +254. Alitumia karibu nusu saa kuitafuta. Alipotupata, mhudumu wetu alimwuliza jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Akazitaja. Hazikulingana.

Laini ile Mama aliipata mwaka aliomaliza shule, akiwa na miaka 17. Hakuwa na kitambulisho bado. Kaka yake mkubwa alimsajilia kwa chake, "kwa muda tu." Muda huo ulikuwa umefika miaka kumi na mbili. Pesa zote za kibanda cha leso zilipita hapo. Mikopo midogo aliyokopa na kulipa ilipita hapo. Kwa maandishi, yote yalikuwa ya kaka yake.

"Dada, pesa ni zangu mimi," Mama alisema.

"Nakuamini, mama. Lakini siwezi kuifungua kwa mtu asiyekuwa aliyesajiliwa."

Tumeisikiliza simu hiyo zaidi ya mara moja ofisini kwetu, na si kila mtu aliyekuwa mezani alikubali kwamba tulifanya vyema. Mmoja wetu alisema mashine ingeweza kusema maneno yaleyale. Ni kweli. Lakini fikiria upande wa pili: mwizi aliyeiba simu yako naye atapiga usiku, naye atakuwa na mtoto mgonjwa. Tunasikia habari za watoto wagonjwa kwenye simu hizi kila mara. Nyingi ni za kweli. Tukianza kufungua akaunti kwa sababu sauti ya mtu imetuingia moyoni, hakuna mteja atakayelala akiwa na uhakika wa salio lake. Mhudumu wetu alikataa, na kwa maoni yetu alipaswa kukataa. Alichofanya vizuri zaidi ni kwamba hakukata simu. Alimwuliza Mama nani yuko Kenya, kaka anapatikana vipi, na kama ana laini ya Tanzania kwa jina lake mwenyewe. Alipojibiwa ndiyo, akamwambia: basi pesa zinaweza kutumwa kutoka Kenya moja kwa moja kwenye laini hiyo. Tafuta mtu wa kutuma.

Kaka ni mvuvi, na usiku ule alikuwa baharini. Nyanya huzima simu akilala.

Aliyewaokoa ni mwenye nyumba. Aliposikia mtoto analia aligonga mlango, akamwangalia mtoto, akarudi chumbani kwake, akatoka na shilingi 30,000 za Tanzania na kumwita kijana wa bodaboda anayemfahamu. Hakuuliza zitarudi lini. Kituo cha afya walimtoboa mtoto kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akaanzishiwa dawa mseto usiku uleule. Kufikia Jumanne alikuwa anadai simu tena.

Nyanya alipowasha simu asubuhi alikuta ujumbe kumi na moja. Hajawahi kutuma pesa nje ya nchi. Alikwenda kwa ajenti pale Gede, na kijana mmoja aliyekuwa dukani akajitolea: "Nyanya, lete simu na PIN nikufanyie haraka, mjukuu anaumwa." Nyanya akamjibu kwamba mjukuu ni wake na PIN pia ni yake. Ajenti alimsomea hatua moja baada ya nyingine kwa mdomo, yeye akibonyeza mwenyewe, simu ameifunika kwa leso. Sh10,000 zilifika Pangani kabla ya saa tatu. Zilitoka kwenye ile kodi ya nyumba iliyokuwa "ikae tu huko."

Kaka alirejea kutoka baharini, akatupigia, akajibu maswali, na kabla ya adhuhuri akaunti ya Mama ilikuwa wazi.

Kabla hujafunga begi

Jambo la kwanza tunalotaka ulifanye leo, hata kama safari yako ya mbali zaidi ni Mariakani, ni kujua laini yako iko kwa jina la nani. Kwa Kenya piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayotumia kila siku haimo, ni ya mtu mwingine, hata kama umeitumia miaka kumi na mbili. Na kama imo namba usiyoijua, kuna mtu anatembea na jina lako. Kubadilisha umiliki si kazi kubwa: wewe na aliyesajiliwa mnakwenda dukani pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake. Ugumu unakuja pale mwenzako amehamia mbali, mmegombana, au amefariki. Akifariki, pesa zilizomo zinahesabiwa kuwa zake, na utajikuta unabishana na warithi kuhusu mauzo yako mwenyewe. Tumekutana na wengi wenye hali ya Mama, zaidi akina mama waliopata simu kabla ya kitambulisho, na vijana wanaotumia laini za wazazi.

La pili ni pesa kukaa zaidi ya mahali pamoja, na kwa zaidi ya mtu mmoja. Baba na Mama sasa wana utaratibu. Matumizi ya wiki mbili hukaa kwenye laini ya nchi waliyomo. Ya mwezi hukaa kwenye laini za Kenya, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, kila laini kwa jina la mwenyewe. Iliyobaki iko Sacco. Na kuna fungu liko nyumbani kwa mtu anayejua kutuma. Neno kubwa hapo ni anayejua. Kabla hamjaondoka, keti na huyo mtu, atume Sh100 nje ya nchi mkiwa bado pamoja, au mara tu mtakapovuka mpaka. Mwambie pia asizime simu usiku. Nyanya alikubali hilo kwa shingo upande.

Fungu la pesa taslimu halikwepeki, hasa mkiwa na watoto. Usiku wa manane wakala amefunga. Liwe la kutosha usafiri na kituo cha afya, likae kwa mzazi anayelala na mtoto, na mkilitumia mlirudishe kesho yake.

Mpakani jaribu kila kitu kabla gari halijaondoka. Washa huduma ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi mkiwa bado Kenya, maana ukishavuka bila kuiwasha, hata ile namba ya siri inayotumwa na benki haitakufikia. Ukifika upande wa pili, tuma Sh50 kwa mwenzako uliye naye hapo. Zikifika, panda gari. Zikikataa, uko hatua chache kutoka nchi ambayo laini yako inafanya kazi.

Huko mpakani utakutana na wabadilishaji wa pesa wenye mabunda mkononi. Hatusemi wote ni matapeli, ila fanya hesabu mwenyewe kabla ya kunyoosha mkono. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni 20 za Tanzania siku hiyo: Sh10,000 zako ni 200,000. Anayekupa 19 amekukata 10,000 za huko, yaani Sh500 za kwetu, hata akisema hatozi ada. Na kwenye simu ni vivyo hivyo, kwetu na kwa wenzetu. Watu huangalia ada wakasahau kiwango cha kubadilishia. Kabla ya kuweka PIN, huduma nyingi hukuonyesha atakachopokea mwenzako. Soma hiyo namba ya mwisho, ulinganishe.

Laini ya nyumbani isikae kimya mwaka mzima. Namba isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa, baadaye ikapewa mtu mwingine, pamoja na simu zote za benki yako na za shule ya mtoto. Angalau mara moja kwa mwezi fanya nayo kitu cha kulipia, hata muamala mdogo.

Ile namba yetu ndefu iandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Mama sasa anayo ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa ni kitu asichokisahau kamwe, pamoja na namba ya nyanya, ya kaka, na ya Sacco. Usiandike PIN hapo.

Na simu ya katuni isiwe simu ya pesa. Kama ni moja tu, weka kufuli kwenye programu ya pesa au ubanie simu kwenye katuni ili mtoto asiweze kutoka. Simu nyingi za kisasa zina njia ya kufanya hivyo ndani ya mipangilio yake. Ukishindwa kuipata, mwulize mtoto wa jirani wa miaka kumi.

Walivyomaliza

Baba alikwenda Ukunda, akapata laini, akarudi Pangani siku ya pili. Walifikiria kugeuza. Mama ndiye aliyekataa, akisema malaria ipo hata Gede. Wakaendelea: Dar es Salaam, Unguja, treni mpya ya umeme hadi Dodoma, basi refu la Mwanza ambalo hawataki kulizungumzia, kisha ziwa, Bukoba, Kampala. Kampala waliishi miezi miwili, na binti akajifunza kuhesabu kwa Kiganda kabla ya kusoma Kiswahili vizuri, jambo ambalo mwalimu mkuu alilipokea kwa hisia mchanganyiko. Walirejea Gede mapema Desemba na Sh47,000 zimebaki. Januari binti akaingia Gredi ya 1.

Wiki ileile ya Januari, Mama na kaka yake walikwenda Malindi, wakapanga foleni, wakatoa vitambulisho, na laini ikawa yake. Siku hiyohiyo alimtumia mwenye nyumba wa Pangani pesa kidogo za kanga, kutoka laini ya Kenya kama alivyokuwa amemtumia mara mbili kabla yake. Mwenye nyumba akapiga simu kushukuru, kisha akauliza, kwa adabu, huyu mwanamke aliyetuma leo ni nani, maana mume wake ndiye aliyekuwa akituma siku zote.

"Yule ni kaka yangu," Mama akamwambia. "Huyu wa leo ndiye mimi."